Tinti ya Chumba cha Mama

Tangu mguu wangu upone, nilikuwa na neno moja tu kwa mwanangu: nirudishe kwangu, humu naungua. Ukweli ni kwamba nilitaka nyumba yangu, nipike nikitaka, nilale nikitaka. Lakini utamwambiaje mtoto aliyekuuguza kwamba kwake kumekukaba koo? Mkwe wangu naye ni mwema kupita kiasi. Hata kikombe haniachii nioshe. Basi nikalisingizia jua, na jua halikuniangusha.

Chumba kiko ghorofani, kinatazama magharibi. Ukuta mzima ni kioo, na hakifunguki, eti wajukuu wasije wakaanguka. Ikifika alasiri shuka linakuwa la moto kama limetoka kupigwa pasi.

Mwanangu akakibandika kioo karatasi ya tinti nyeusi tititi. Kwa akili yake, giza ni baridi. Hajawahi kukalia kiti cheusi cha pikipiki kilichoshinda juani? Nikawa naiva vilevile, ila sasa gizani. Moyoni nilifurahi.

"Mwanangu, huku si kukaa, ni kuokwa," nikamwambia. "Nipeleke kwangu."

"Tatizo ni joto tu, mama?"

"Joto tu," nikajibu, nikijua hakuna wa kuliweza jua.

Kesho yake akamleta fundi wa tinti, mwanamke mcheshi, aliyebeba taa kali na vipande viwili vya kioo, kimoja na tinti kama yetu, kingine na tinti yake. Akamulika kile cheusi kwa nyuma, akaniambia nikiguse. Nikaruka. Cha pili kilikuwa cheupe, unaona kila kitu ng'ambo. Nikaweka mkono, nikausahau hapo hapo.

"Msiangalie weusi," alisema. "Tazameni namba kwenye karatasi hii. Hii inasema mwanga kiasi gani unapita. Hii, joto la jua kiasi gani linazuiwa. Nyeusi yenu inakata mwanga, lakini joto inalimeza, kioo kinachemka, kisha kinawatemea humu ndani. Hii nyeupe inapitisha mwanga mwingi, na nusu ya joto inabaki nje."

"Na namba hii ya mwisho?" nikauliza. Nani aliniuliza mimi?

"Hiyo ni ya msimu wa baridi, mama. Inaonyesha joto la ndani linatoka upesi kiasi gani. Hapo namba ndogo ndiyo bora."

Ningenyamaza. Lakini mdomo huponza kichwa, na wangu haujawahi kuniomba ruhusa. "Sasa mnangoja nini? Bandikeni hiyo!"

Alasiri ya kwanza nilikaa kitandani nikilisubiri jua. Likaja, likasimama kwenye kioo, likaishia hapo. Huko chini watu walikuwa wakienda walikotaka, na niliwaona wote vizuri. Nikawaonea wivu hadi machozi yakanilenga.

Mwanangu akaingia, akagusa kioo kwa kiganja, akacheka kwa furaha. Kisha akanishika mkono.

"Sema kweli, mama. Bado kuna joto?"

Ningedanganya, lakini mkono alioushika ulikuwa mkavu na wa baridi.

"Hakuna, mwanangu."

Akatoa simu, akampigia kaka yangu hapo hapo.

"Mjomba, mama ameridhika. Anakaa kwetu moja kwa moja. Yule mpangaji anayeiulizia nyumba ya mama, mwambie ahamie tu."

Mkwe wangu akapiga vigelegele mlangoni. Mwanangu akanikumbatia. Nikasema asante.