Gari la Watu Wawili

Mzungu alipofunga nyumba yake ya Diani, mwaka ule uliofuata uhuru, hakumpa dereva wake, Waziri, malipo ya kumaliza kazi. Alimpa gari.

Lilikuwa gari dogo la kijani, la mbio, limelala chini karibu na ardhi, lenye viti viwili tu na paa la turubai la kukunjwa. Waziri alimwendeshea mzungu yule tangu ujana wake, lakini alichoendesha ni gari kubwa la kwendea ofisini na sokoni. Hili dogo aliliosha na kulifuta chumvi ya bahari, na mara moja moja alilipeleka Mombasa kwa servisi, akaketi nje kwenye benchi mpaka litoke. Gharama ilipelekwa kwa mzungu. Kwa hiyo Waziri alijua kila kitu cha gari lile, jinsi linavyonguruma likiwa baridi na jinsi linavyopenda kuvuta kushoto, ila hakuwahi kujua linakula kiasi gani.

Alilileta kijijini kwao, Mwabungo, siku ya Ijumaa, turubai limekunjwa. Dada yake Mwanapili alitoka jikoni na mikono ya unga. Mwanapili ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alikuwa mjane, mwenye binti mmoja, Dama, na Waziri, ambaye hakuwa ameoa bado, aliishi nao katika ua mmoja.

"Limeibwa?" Mwanapili aliuliza.

"Nimepewa, dada. Ni langu."

Mwanapili alilizunguka gari, kisha akafungua mlango, akaingia, akakaa. "Basi nipeleke," akasema.

Walipita Diani kwenye ile klabu ya wazungu ambako Waziri alizoea kungojea nje kwenye jua, na Mwanapili akashika leso yake isiruke, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka mingi alikuwa amepita njia ile na kikapu cha madafu kichwani, akiwauzia walinzi wa majumba.

Kwa miezi ya mwanzo gari lilikuwa la kijiji kizima. Liliwapeleka mabibi harusi mmoja baada ya mwingine. Siku ya Maulidi lilitangulia mbele, limepambwa kwa makuti mabichi na karatasi za rangi. Wazee waliomba wapelekwe Msambweni hospitalini, wakitembea kwenda garini polepole kuliko walivyohitaji, ili waonekane. Hakuna aliyesema gari la Waziri. Walisema gari letu.

Waziri alipata kazi ya kuendesha lori la nazi kavu la tajiri mmoja wa Msambweni aitwaye Shutu, na mshahara wake wote ukaenda garini. Lilikunywa petroli kama mtu anayefungua swaumu. Magurudumu yake yalikuwa ya kipimo kisichopatikana Ukunda wala Mombasa. Yaliagizwa Nairobi, na yalipofika mawe ya barabara yakayachana upesi. Kabureta zilikuwa mbili, na moja ikipatana na injini, nyingine hukataa. Kisha kutu. Waziri alisugua na kupaka rangi, na kutu ikatokea upande wa pili, chini ya milango, mahali ambapo mzungu alikuwa akilipia watu wapige dawa kila mwaka.

Watu walipoombwa kuchangia petroli walianza kukumbuka kwamba kuna basi. Baadaye walianza kumshauri auze. Alijaribu. Alikwenda Mombasa kwa mfanyabiashara wa magari, na yule mtu hakuinuka hata kwenye kiti chake. Alimwonyesha ua wake kwa kidevu. Ulikuwa umejaa magari ya wazungu walioondoka.

"Nikikupa bei ya vyuma nitakuwa nimekuonea huruma," alisema.

Waziri alirudi nalo. Njiani, kwenye feri ya Likoni, watu walilisogelea na kulipapasa, na mtu mmoja mzima akamwita mheshimiwa. Hakuzungumza tena habari ya kuuza. Aliuza minazi yake mwenyewe, fungu baada ya fungu, na mnunuzi alikuwa Shutu.

Fundi wake alikuwa Dzombo wa Ukunda, rafiki yake wa utotoni. Siku moja Dzombo alitoka chini ya gari akijifuta mikono, akasema raba za pampu ya breki zimekwisha.

"Zinatoka wapi?"

"Uingereza, kwa meli. Uagize, ulipe kwanza, ungoje."

"Na mpaka hapo?"

"Mafuta ya breki yanavuja, tungeongeza tu, lakini hayo nayo sina. Ni ya kufuata Mombasa."

Waziri alitazama debe la oili ya injini lililokuwa ukutani. Dzombo aliona anakotazama.

"Hapana, Waziri. Oili itavimbisha zile raba zilizobaki. Leo utaona breki ngumu, nzuri kabisa. Kisha zitakwama, au zitapasuka, na hutapata ishara."

"Kwa siku chache tu, bwana. Nitakwenda nalo msikitini na kurudi. Harusi ya Jumapili nimekwisha kuahidi."

Dzombo alikuwa bado hajalipwa kazi ya magurudumu, na alijua kwamba akikataa hatalipwa hiyo pia. Alichukua debe akamimina.

"Usipande nalo mlima wa Kwale," alisema bila kumtazama. "Huku tambarare, sawa. Kwale usipande."

"Sipandi."

Harusi ya Jumapili ilipita salama, na pedali ilikuwa ngumu na nzuri kama alivyoambiwa. Waziri aliagiza zile raba, lakini hakuwa na cha kulipia. Mwanapili ndiye aliyeleta habari mwenyewe, wakila.

"Nitamuuzia Shutu minazi yangu ya kule bondeni," alisema. "Ulipe hizo raba zako, ulipige na rangi."

Dama aliweka tonge chini. Alikuwa msichana mkubwa, ameposwa, na minazi ile ya bondeni kila mtu aliijua kuwa ndiyo atakayoachiwa. "Mama, mtu huuza mti unaozaa kwa ajili ya chuma kinachooza?"

"Mjombako ndiye aliyetulisha alipokufa baba yako."

"Alitulisha kwa mshahara. Gari halikuwepo."

"Nyamaza, Dama. Umri wangu huu nimekaa kwenye kitu kizuri mara ngapi?"

Waziri alikuwa na nafasi ya kukataa pale. Aliinamisha uso akaendelea kula.

Shutu alitaka mauzo yaandikwe mbele ya wakubwa wa serikali, Kwale, ili baadaye pasiwe na maneno. Asubuhi ya safari Waziri alisema ni afadhali wapande basi.

"Basi?" Mwanapili alikuwa amevaa buibui jipya, amejifukiza udi. "Niuze minazi yangu kwa ajili ya gari, halafu niende kuiuza kwa basi?"

Angeweza kumwambia habari ya oili. Lakini kumwambia kungekuwa kukiri kwamba bibi harusi wa Jumapili alimbeba katika hali ile. Alikanyaga pedali hapo uani, ikawa ngumu. Akawasha injini.

Kupanda hakukuwa na taabu. Gari lilipanda mlima wa Shimba likiimba, hewa ikawa baridi, na Mwanapili akafumba macho usoni pa upepo. Ofisini mambo yalikwenda haraka. Shutu alikuwa ametangulia. Mwanapili alitia kidole, akaulizwa kama amelazimishwa na mtu, akasema hakuna mtu wa kumlazimisha. Alipotoka alinunua ndizi za kumpelekea Dama, akaziweka miguuni.

Walipoanza kuteremka Waziri aliweka gia nzito. Kwenye kona ya kwanza breki zilishika. Ya pili pia zilishika, na akasikia harufu ya kitu kinachoungua, maana zilikuwa zimekwama na haziachii tena. Kisha pedali ikazama mpaka chini bila kukutana na chochote, kama mguu uliokanyaga shimo.

Alivuta hendibreki, waya ukakatika. Alishusha gia, injini ikalia, gari likapungua kidogo, halafu mteremko ukalichukua tena.

"Polepole, Waziri," Mwanapili alisema.

"Breki hazipo, dada."

Aligeuka kumtazama, akaelewa. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa mlango kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akamshika ndugu yake paja, kama alivyokuwa akimshika wakiketi msibani alipokuwa mdogo.

Mbele yao, mwisho wa mteremko, ilionekana Kombani. Ilikuwa siku ya soko. Barabara ilikuwa na wanawake waliotandika mihogo na ndizi pembeni, na mbuzi wa kuuzwa, na watu waliosimama katikati wakizungumza kama watu wasio na sababu ya kuogopa. Waziri alipiga honi. Wengine waligeuka wakatabasamu, maana gari lile lilijulikana, wakapunga mikono.

Upande wa kulia palikuwa na watu mpaka ukutani mwa maduka. Upande wa kushoto, kabla soko halijaanza, palikuwa na mkorosho mkubwa.

"Usiwaue watu," Mwanapili alisema. "Waziri, usiwaue watu wa wenyewe."

Alikata usukani kushoto.

Ubavu wa kushoto ndio uliopokea mti. Waziri alitoka na mbavu zilizovunjika na uso uliochanika. Watu wa soko walikuja mbio, wakang'oa mlango kwa mapanga na mikono mitupu, wakamlaza Mwanapili juu ya leso zao. Alikuwa hai kidogo. Alitaka maji, na mama mmoja akamtilia kinywani kwa kata, lakini hayakupita. Alifariki pale chini ya mkorosho, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwanamke asiyemjua.

Alizikwa Mwabungo. Siku ya pili ya matanga walikuja watu wa Kombani, wengi, na mbuzi na mchele. Msemaji wao alikuwa mchuuzi wa mihogo aitwaye Charo. Alipiga magoti mbele ya Waziri, aliyekuwa ameketi mkekani na kifua kilichofungwa vitambaa.

"Ndugu, mimi nilikuwa njiani pale na mke wangu na wanangu. Ungenyoosha tu, leo msiba ungekuwa wetu. Ulimtoa wako ukatuachia sisi wetu. Mwenyezi Mungu ndiye atakayekulipa, sisi hatuwezi."

Watu waliitikia. Wengine walikuwa wakilia. Wanaume wa Mwabungo walimtazama Waziri kwa heshima ambayo hakuwahi kuipata hata siku za harusi. Dzombo alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliinuka, akatafuta viatu vyake, akatoka bila kuaga mtu.

Waziri alitaka kusema. Kinywa kilifunguka, na Charo akamshika mkono akadhani ni kilio.

Dama alimfuata jioni, wageni walipopungua. Alisimama mbele yake, hakukaa.

"Mjomba, zile breki ziliharibika siku ile, au zilikuwa mbovu tangu hapo?"

"Tangu hapo."

"Na ulijua."

"Nilijua. Fundi aliniambia nisipande Kwale."

"Mama alijua?"

"Hapana."

Msichana alivuta leso yake mabegani, akaenda kukusanya masahani. Tangu siku ile alimpikia, alimfulia, lakini hakuzungumza naye.

Minazi ya bondeni ilikwenda kwa Shutu, kwa kuwa kidole kilikwisha kutiwa, na fedha zake zikaisha kwenye mazishi. Gari liliachwa chini ya mkorosho. Watu wa Kombani hawakuligusa kwa muda mrefu, kwa heshima. Kisha mtu akachukua viti, mwingine taa, na mvua ikachukua kilichosalia.

Mbavu zilipopona Waziri alikwenda Msambweni kwa Shutu. Alikataa kurudishwa kwenye lori. Aliomba kazi ya tanuri la kukaushia nazi, kwenye moshi, ambayo vijana waliikimbia, na akaomba kwamba badala ya mshahara arudishiwe minazi ile mmoja mmoja, kwa jina la Dama. Shutu alikuwa mtu wa biashara, akakubali kwa masharti magumu.

Kazi ile ilimchukua miaka. Macho yalimwingia ukungu, akawa anakohoa kama mzee. Dama aliolewa palepale Mwabungo, akazaa. Kila mnazi mmoja ulipotoka mkononi mwa Shutu, Waziri alikwenda nyumbani kwa Dama akasimama nje ya ua, akaita hodi, akamwambia ni upi, ule wa karibu na kisima au ule uliopinda.

Dama alitoka, akamwambia shikamoo kwa sababu alikuwa mjomba wake, akasikiliza. Kisha alisema, "Haya, nimesikia," akarudi ndani.