Dirisha la MaDuna

Kule Centane, kijijini Afrika Kusini, watu walishakubali kwamba Zimasa ana kazi, ila hawakukubaliana ni kazi gani. Wengine walisema analipwa kutazama ndege. Wengine, wenye huruma kidogo, walisema analipwa kuwatazama watu wanaotazama ndege, na kwamba hiyo si aibu, maana hata polisi hulipwa kutazama.

"Makoti," jirani yao MaGatyeni alimwambia siku moja pale bombani, "kuku wangu mwekundu ameacha kutaga. Huwezi kumwandika kidogo?"

"Nitamwandika, mama. Ila sharti anieleze kwa mdomo wake mwenyewe."

"Basi utangoja. Yule ana kiburi."

Makoti ni mke aliyeolewa nyumbani mwa watu, na Zimasa alikuwa bado analivaa jina hilo pamoja na kitambaa kilichoshuka hadi kwenye nyusi na shali isiyotoka mabegani. Mumewe, Khwezi, alikuwa mjini Gqeberha akiunda magari kiwandani, akionekana nyumbani Krismasi na Pasaka kama sikukuu yenyewe. Zimasa aliishi na mama mkwe wake, MaDuna, mjane, mwanachama wa umoja wa akina mama kanisani. Kila Alhamisi MaDuna alivaa blauzi nyekundu yenye kola nyeupe akaenda kuomba na wenzake. Siku nyingine zote aliomba na aproni yake, jikoni, na wala Mungu hakulalamika.

Zimasa hakuajiriwa na gazeti lolote. Alifanya kazi kama fundi cherehani wa mtaani: wazo lake alilipeleka kwa mhariri huyu, likikataliwa analigeuza pindo, analipeleka kwa yule. Alikuwa ameandika habari za tai wa milimani na za mbayuwayu wanaokwenda Ulaya na kurudi bila pasipoti. Alijua kumtoa mtafiti maneno yanayoeleweka, kazi inayofanana na kumkamua ng'ombe aliyebana maziwa: unaimba, unangoja, humpigi.

Sasa alikuwa amepata kile alichokiomba siku nyingi. Jarida kubwa la Cape Town, lililokuwa likimrudishia mawazo yake kwa adabu, lilikubali makala yake juu ya mumbi, yule ndege mweusi mkubwa kama bata mzinga, mwenye ngozi nyekundu shingoni kama mtu aliyejifunga leso. Mtafiti aitwaye Daktari Aviwe Matiso alikuwa amezunguka vijijini akitaka kujua kwa nini mumbi wanavunja madirisha ya watu. Jibu lake lilikuwa la kuchekesha na la kusikitisha pamoja. Mumbi akiona sura yake kwenye kioo, hudhani ni mumbi mwingine aliyeingia katika eneo lake, basi humpiga mpaka kioo kianguke. Aviwe alikuwa na orodha ya madirisha thelathini na tisa, na alihofu kwamba watu wakichoka kununua vioo watatega sumu, ingawa wazee wote pande zile hujua kwamba anayemwinulia mumbi mkono huleta mvua isiyokatika.

Makala ilianza na dirisha la nyumbani. Alfajiri, MaDuna yuko magotini kwa sala kama kawaida yake, mumbi anagonga kioo cha chumba chake, kioo kinamwagika sakafuni. "Mwanzo huo ndio ulioninunua," mhariri alimwandikia. Kisha akaongeza kwamba Ijumaa mhakiki wao atampigia simu kila mtu aliyetajwa.

Zimasa hakutetereka. Katika kazi yake alikuwa na desturi moja: kila mtu alimwuliza mara mbili. Swali la kwanza huleta jibu. La pili, "Uliona mwenyewe au uliambiwa?", huleta ukweli. Hata Mchungaji Sobekwa alimwuliza hivyo kuhusu dirisha la kanisa, na Mchungaji, baada ya kukohoa vya kutosha, akakiri kwamba aliambiwa.

Mtu mmoja tu hakuulizwa mara ya pili. Makoti hamhoji mama mkwe wake. Zimasa alikuwa ameweka chai mezani, macho chini, akasema, "Na dirisha la chumbani kwako, Mama, nalo ni mumbi." MaDuna akasema "Mh," akaomba sukari. Zimasa akaenda kuandika kwa furaha.

Ijumaa asubuhi alimkuta MaDuna amekaa mlangoni na ungo, akichambua maharage ya makande.

"Mama, mchana kijana mmoja wa Cape Town atakupigia simu."

"Ananijua?"

"Hakujui. Anahakikisha tu niliyoyaandika."

"Kwa hiyo wanakununua, halafu hawakuamini."

"Ndivyo wanavyofanya kwa waandishi wote, Mama."

"Si vibaya. Hata sadaka tunahesabu wawili wawili, na wote tumeokoka." MaDuna alitupa kijiwe uani. "Ataniuliza nini?"

"Jina lako, umri wako, na kama ulikuwa magotini kwa sala mumbi alipovunja dirisha. Utasema ndiyo, basi."

MaDuna alichambua maharage kidogo, bila haraka.

"Nikisema ndiyo nitakuwa nimesema uongo," alisema, "na leo ni Ijumaa. Alhamisi iko mbali."

Zimasa alikaa chini, juu ya mkeka, bila kukaribishwa.

"Dirisha lile nililivunja mimi," MaDuna aliendelea, kwa sauti ileile ya kuagiza chumvi. "Nilikuwa magotini, hapo uliandika sawa. Nikasikia ko, ko, ko. Nikasema moyoni, huyu shetani hata salamu hana. Nikafumbua jicho moja. Kumbe ni lile dege, limesimama nje, linajipiga usoni. Nikachukua fimbo ya marehemu, nia yangu kulitisha tu. Fimbo ikapita kwenye kioo. Na halikukimbia, mwanangu. Lilinitazama kama shemasi anavyomtazama mtu aliyechelewa ibada, kisha likaondoka kwa miguu, polepole."

"Kwa nini hukusema?" Swali lilimponyoka Zimasa, akaziba mdomo kwa ncha ya shali.

"Wewe hukuwa umeolewa bado. Ndio mwaka mahindi yalipooza shambani kwa mvua. MaGatyeni alipita nyumba kwa nyumba akiuliza ni nani aliyemwinulia fimbo mumbi. Mvua ni ya Mungu, mimi mambo hayo siyaamini. Lakini MaGatyeni anayaamini, na anakaa karibu."

Zimasa alitaka kucheka na alitaka kulia, akashindwa yote mawili. Mwanzo wa makala ulikuwa umekufa. Mwandishi asiye na mwajiri, kazi yake ya kwanza kwenye jarida kubwa ikiharibika, hapewi ya pili. Mlango unafungwa taratibu, bila hata kelele ya kufungwa.

"Sasa nikwambie," MaDuna alisema, macho kwenye ungo. "Kazi hii naona ulivyoihangaikia. Naweza kumwambia huyo kijana ndiyo. Alhamisi nitatubu. Kanisani nitakuwapo hata hivyo."

Alisema kwa upole sana, na kwa sababu ya upole huo Zimasa akajua kwamba amewekwa kwenye mizani. Bado, alifikiri. Alifikiri kweli, si kwa sura. Ndiyo moja, ya mama mzee, kwa kijana asiyemjua: nani angeumia? Kisha akamkumbuka Mchungaji Sobekwa na kikohozi chake. Kama Mchungaji alirudisha neno lake mbele ya makoti, makoti naye hana pa kujificha.

"Mwambie ulivyoniambia mimi, Mama."

"Hata fimbo?"

"Hata fimbo."

"Na shemasi?"

"Shemasi ndiye mzuri kuliko wote. Usimwache."

MaDuna alisogeza ungo ili makoti naye apate upande wa kuchambua.

Simu ilipolia, Zimasa aliiweka juu ya kigoda, sauti wazi. Mhakiki alijitambulisha kuwa anaitwa Yaseen, akaomba radhi kwa usumbufu.

"Mama, una umri gani?"

"Wa kutosha."

"Hapa imeandikwa sabini na moja."

"Basi kama imeandikwa unaniuliza nini, mwanangu?"

"Nahakikisha, Mama."

"Hakikisha, baba. Ni kazi yako."

"Ulikuwa kwenye sala, mumbi akavunja kioo cha chumba chako. Ni sahihi?"

"Sala ni sahihi. Mumbi alikuwapo. Kioo nilivunja mimi."

Upande wa pili kalamu ikasikika ikianguka.

"Samahani, Mama. Wewe ulivunja dirisha lako?"

"Kwa fimbo ya mume wangu. Andika marehemu mume wangu, watu wasije wakadhani tuligombana."

"Kuna mtu mwingine aliyeona?"

"Mumbi."

Yaseen alikohoa kikohozi cha mtu anayezuia kicheko kazini. Akaomba kusema na Zimasa. "Dada, hili siwezi kuliacha. Lazima nimwambie mhariri."

"Mwambie."

"Pole lakini."

"Usinipe pole. Mwambie kabla sijabadili mawazo."

Zimasa hakungoja mhariri. Alimpigia Aviwe kwanza, maana dirisha lile lilikuwa kwenye orodha yake.

"Daktari, punguza dirisha moja."

"Lipi tena?"

"La kwetu."

"Lile nililolipiga picha? Nililoliweka ukurasa wa mbele wa ripoti?"

"Hilohilo."

"Nani alilivunja?"

"Mama."

Aviwe akacheka, kicheko kirefu chenye maumivu ndani. "Thelathini na nane. Afadhali sasa kuliko baada ya kuchapishwa. Lakini angalia ulivyonitenda, Zimasa. Itabidi nirudi kwa watu wote hao niwaulize kama na wao wana fimbo."

Jibu la mhariri lilifika jioni, fupi kama risiti. Mwanzo ule hautumiki. Alete mwingine kabla ya Jumatatu saa tatu, la sivyo nafasi anampa mtu mwenye makala ya pweza.

Jumamosi nzima Zimasa alijaribu kuanza na dirisha la shule, kisha na lile la kanisa. Yalikuwa ya kweli na yalikuwa makavu. Alijua mwanzo ulipo. Ulikuwa uani, umevaa aproni, unalisha kuku. Alimfuata.

"Mama, naomba kuandika habari ya fimbo."

"Mwandishi ni wewe."

"MaGatyeni je?"

"MaGatyeni hasomi Kiingereza."

"Wajukuu zake wanasoma."

MaDuna alimwaga punje za mwisho, akakung'uta viganja. "Nimelificha jambo hili kwa sababu ya jirani, na Mungu analijua siku zote. Ukilitazama hivyo, nimemwogopa asiyestahili. Andika. Akija nitamwambia mvua ni ya Mungu, fimbo ni yangu."

Zimasa aliandika: "Dirisha nililotaka kuwasimulia halikuvunjwa na mumbi. Lilivunjwa na mama mkwe wangu, na mumbi ndiye shahidi." Baada ya hapo maneno yalikuja yenyewe: yule ndege anayepigana na sura yake, na yule mama aliyenyamaza kwa kuogopa uso wa jirani. Alituma Jumapili baada ya ibada. Jumatatu mhariri alijibu, "Tunaichukua. Huyu mama mkwe wako haandiki?"

Toleo lilipotoka, MaGatyeni alikuwa wa kwanza kufika, kabla hata ya salamu ya jua.

"MaDuna, nimesikia habari za mahindi yangu."

"Karibu uketi."

"Sikuja kuketi. Nimesimama na hasira."

"Kuna mkate wa sufuriani, bado wa moto."

MaGatyeni alifikiri. "Hasira yangu inaweza kukaa kidogo," alisema, akaketi. Alikula vipande vitatu, akaondoka na cha nne kwenye kanga, na ahadi ya debe la mahindi. MaDuna alisema debe hilo si la mvua, ni la ujirani, na MaGatyeni akasema aliite atakavyo mradi limejaa.

Alipokwenda, MaDuna alimgeukia makoti wake.

"Wewe unauliza dunia nzima mara mbili. Mimi ukaniuliza nusu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha, Mama, kwamba makoti hahoji."

"Nilikufundisha usiniulize kwa nini natia chumvi nyingi. Kuhusu ukweli sikusema kitu. Sasa sikiliza. Utaleta chai. Kikombe kikishafika mkononi mwangu, uliza. Kabla ya chai ni utovu wa adabu, baada ya chai ni mazungumzo."

Zimasa alikwenda, akachemsha maji, akarudi na sinia. Alipiga goti, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili, akangoja mpaka mama mkwe amepiga funda la kwanza. Aviwe alikuwa na dirisha jingine la nyumba hii kwenye orodha yake.

"Mama, na lile la jikoni?"

MaDuna alionja tena. "Umetia sukari ngapi?"

"Mbili."

"Tia ya tatu."

Akatia. MaDuna akakoroga, akatazama kioo kipya cha jikoni, kilichopakwa chokaa kwa nje ili mumbi asijione, kama Daktari alivyoagiza.

"La jikoni muulize mumeo."

"Khwezi? Khwezi aliniambia ni mumbi. Krismasi lilipovunjika, mimi nilikuwa bombani."

"Ulimwuliza mara ya pili?"

Zimasa akaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akatoa simu.

"Yuko Gqeberha, Mama. Chai nitampaje?"

"Mume si wa chai," MaDuna alisema, akinywa taratibu. "Mume huulizwa akiwa na njaa. Ngoja karibu na mapumziko ya mchana, ndipo upige."