Kabla Haijalipuka

Aika alisomea nyota kubwa, zile zinazokufa kwa kulipuka, na kila alipopanda Marangu kwa Krismasi baba yake, Mzee Ndelilio, alimhoji kama mtahini. Mwaka huu walikuwa kihambani, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kati ya migomba na mibuni, mzee akichimba vishimo vya kupandia masale, mimea ambayo Wachagga huweka mpaka kwayo.

"Kwa hiyo inalipuka tu, hivi hivi?"

"Hapana, Baba. Inaanza kwa kujipunguza. Inapeperusha matabaka yake ya nje kidogo kidogo, maelfu ya miaka. Ikikaribia mwisho inatupa harakaharaka, ndani ya miaka michache."

"Na nyie mnaiona ikitupa?"

"Mara chache. Nyingi tunazijua zikishalipuka. Mlipuko unaigonga ile gesi iliyotangulia, gesi inawaka, ndipo tunasema kumbe ilikuwa inajiandaa."

"Elimu ya kuchelewa hiyo," mzee alisema, akashindilia udongo.

Aika alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Mwaka juzi mzee alimpa kaka yake, Primus, shamba la chini. Pasaka akagawa ng'ombe. Mwezi uliopita mizinga ya nyuki. Leo kihamba chenyewe, ambacho siku zote alisema atakigawa akishindwa kutembea. Shati lilimpwaya mabegani. Nyumbani wote walisifu kwamba mzee anaweka mambo sawa, na hata yeye alisifu, kwa simu. Aliona aibu, na aliogopa sana.

"Baba, unaumwa nini?"

"Uzee."

"Hospitali umeenda?"

"Shika jembe."

Mzee Ndelilio hakuwa mtu wa kubembelezwa. Mama alishajaribu akachoka, padri naye alishajaribu. Aika hakushika jembe. Alichuma jani moja la sale, akalifunga fundo, akapiga magoti, akamnyooshea kwa mikono miwili. Kwa Wachagga hilo ndilo jani la kuombea msamaha, na anayeletewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kosa likiwa la damu.

"Nisamehe, Baba. Nilikuona unapungua nikanyamaza. Na ukinisamehe, kesho twende wote hospitali."

Mzee aliangalia jani, akaangalia safu aliyoipanda kwa mkono wake.

"Umenikamata kwa sale langu mwenyewe."

Akapangusa udongo mikononi, akalipokea.

"Tutoke saa kumi na mbili," alisema. "Na haya masale yaliyobaki, mtu asiyapande mpaka nirudi."