Siku Mbili za Bi Tayari

Ukitaka kumuudhi yule fundi wa nguo za kike, mwambie kwamba mafundi cherehani wote ni waongo wa tarehe. Atakuacha umalize, atatoa pini mdomoni, kisha atakuuliza ni nguo gani aliyowahi kukucheleweshea. Utatafuta jibu na hutalipata. Iwe harusi, mahafali au siku ya kwanza ya kazi, ukifika kwake unakuta gauni limeshapigwa pasi na linaning'inia ukutani, limekusubiri mpaka limechoka. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bi Tayari, na jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye makaratasi kabatini.

Siri yake ilikuwa daftari. Mteja akisema nguo anaitaka Jumamosi, Bi Tayari huandika Alhamisi. Akisema tarehe ishirini, yeye huandika kumi na nane. Siku mbili anaziiba hapo hapo, mkono wenyewe umeshazoea, halafu anashona kama vile dunia inaisha siku hiyo ya uongo. Akishafunga daftari, hata yeye anaamini alichoandika. Ukimwambia siku si hiyo, atabishana nawe mpaka ukome.

Basi katika mwaka ule wa barakoa na vipimo, daftari hilo hilo nusura limtoe roho.

Binti yake mkubwa, muuguzi, alikuwa na mwaka wa tatu ng'ambo. Huko alijifungua mtoto wa kiume wakati ndege zote zimelala, na Bi Tayari akawa bibi wa kwenye simu. Mjukuu akaota meno, bibi yuko kwenye simu. Akatambaa, akatembea, akaanguka, akanyanyuka, bibi yuko kwenye simu, anapiga makofi peke yake katikati ya vitambaa. Mwaka mmoja na miezi minane, na hajamshika hata kidole. Kuna siku alikuwa anaegemea cherehani na kulia waziwazi, na mteja aliyekuja kupimwa kiuno inabidi akae ambembeleze.

Kwa hiyo milango ilipofunguliwa kidogo na binti akatuma tiketi tatu za likizo, nyumba haikukalika. Tiketi moja ilikuwa ya Bi Tayari, ya pili ya mume wake, na ya tatu ya kitinda mimba wao, msichana wa miaka kumi na saba. Mume alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, mke wake akiwemo. Tiketi zilifungiwa kwenye mkoba wa Bi Tayari, maana Mwalimu aliwahi kupoteza mitihani ya darasa zima ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Masharti ya safari yalikuja kwenye simu ya kitinda mimba, ujumbe mrefu kuliko kamba ya kuanikia nguo. Msichana akamsomea mama yake palepale kazini.

"Mpimwe ndani ya saa sabini na mbili kabla ya ndege kuondoka," alisoma. "Halafu cheti kiwe na…"

Cherehani ikanguruma.

"Na barakoa za kuvaa ndani ya ndege ziwe…"

Ikanguruma tena. Sketi ya watu ilikuwa inadaiwa Alhamisi, yaani Jumamosi.

"Nimesikia," alisema Bi Tayari, ambaye alikuwa amesikia nusu. Akachomoa penseli sikioni. "Ndege ni lini?"

"Jumamosi jioni."

Mkono ukaandika Alhamisi jioni. Hakuna aliyeuona ukiandika, na mwenyewe ndiye aliyeuona kidogo kuliko wote. Tangu hapo, kila aliyeuliza, hata msichana aliyedhani safari imebadilishwa siku, alijibiwa kwa daftari, na katika nyumba ile daftari halibishiwi.

Jumanne asubuhi wakaenda kupimwa kwenye maabara ya mtaani. Kilikuwa chumba kimoja chenye friji, feni na kiti cha plastiki. Mpimaji wake mtaa ulimwita Daktari, ingawa mwenyewe hakuwahi kudai hivyo. Koti lake jeupe alishonewa na Bi Tayari. Mwalimu aliingiziwa kijiti puani huku bado anaeleza historia ya magonjwa ya mlipuko, na machozi yakamtoka katikati ya sentensi. Daktari akajaza fomu mwenyewe bila kuuliza swali hata moja, maana hawa ni watu wake. Kesho yake majibu yakatoka: wote watatu wazima. Bahasha akaifunga kwa gundi na kuipiga muhuri, na Bi Tayari akaitia mkobani kama ilivyo.

Jumatano hiyo hiyo ikaja habari kwamba kule ng'ambo maambukizi yamepanda, na kuanzia Jumatatu wageni hawaingii tena mpaka itakapotangazwa. Binti mkubwa akaandika kwa haraka akiwa zamu: "Mama, ndege yenu ndiyo ya mwisho. Mkiikosa hii, sijui tutaonana mwaka gani."

"Mimi ndiye wa kukosa ndege?" Bi Tayari alimuuliza mume wake, na akacheka kwa dharau iliyostarehe. Usiku ule alilala usingizi mzito kuliko kawaida yake.

Alhamisi saa nane mchana walikuwa uwanja wa ndege, wamependeza. Bi Tayari alikuwa ameshona barakoa za kitambaa kimoja kwa wote, samawati yenye vitone vyeupe, zimekaa usoni utadhani wamezaliwa nazo. Ukumbi ulikuwa mtupu. Sakafuni palibandikwa alama za kuonyesha mtu asimame wapi, na Mwalimu alisimama juu ya alama yake kwa nidhamu, ingawa nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mhudumu wa dirishani, dada mmoja mwenye miwani iliyojaa ukungu kwa sababu ya barakoa, akazitazama tiketi. Akafuta miwani, akatazama tena.

"Mama, safari yenu ni keshokutwa."

"Hapana, mwanangu. Ni leo."

"Tiketi inasema Jumamosi, mama."

"Basi tiketi imekosea," alisema Bi Tayari, akafungua daftari na kumwonyesha.

Kitinda mimba akalitazama daftari. Akamtazama mama yake. "Mama," alisema taratibu, "ulipoandika safari yetu, ulitoa siku mbili?"

Bi Tayari akalivuta daftari na kulifunga. Mwalimu alielewa sekunde moja baadaye. Akakaa juu ya sanduku na kucheka mpaka mabega yakawa yanapanda na kushuka, akijaribu kuomba radhi na kushindwa.

"Cheka tu," alisema mkewe. "Cheka, wewe uliyepoteza mitihani." Lakini uso ulikuwa unawaka moto, na alitamani sakafu ile yenye alama immeze.

Mhudumu naye alikuwa anacheka kwa macho. Halafu akakumbuka jambo, macho yakatulia. "Na vipimo mlipima lini?"

"Jumanne, saa tatu asubuhi."

"Kufika Jumamosi vitakuwa vimeshapitwa na muda. Hebu nione vyeti, kwa kuwa foleni hakuna."

Akafungua bahasha. Akasoma cheti cha kwanza, akakigeuza nyuma, akakirudisha mbele.

"Huyu Bi Tayari ni nani?"

"Ni mimi," alisema Bi Tayari kwa fahari iliyobaki.

"Ndilo jina lililo kwenye pasipoti?"

Bi Tayari akatikisa kichwa. Mhudumu akachukua cha pili. "Jina la mpimwaji: Mwalimu." Akachukua cha tatu, na hapo sauti ikaanza kumponyoka. "Jina la mpimwaji: Binti wa Bi Tayari, yule mdogo."

Sasa alicheka kitinda mimba, akacheka mhudumu, akacheka na mlinzi aliyekuwa mlangoni, ambaye hakujua wanacheka nini. Bi Tayari peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, kwa sababu ameona kitu ambacho wengine hawajakiona bado.

"Mwanangu," alimuuliza mhudumu, "kama tungekuja Jumamosi na karatasi za namna hii, ingekuwaje?"

"Nisingewapandisha, mama. Ndege ingeondoka mkiwa mmesimama hapo hapo. Na baada ya hiyo hakuna nyingine."

Mwalimu akaacha kucheka. Mkewe akageuka akamtazama, na hakuwa na haja ya kusema neno, lakini alilisema. "Umesikia? Ndiyo maana naiba siku mbili."

"Nimesikia, mke wangu," alisema Mwalimu, na tangu waoane hakuwahi kulisema kwa unyenyekevu kama ule.

Mhudumu akawaandikia kwenye karatasi kila kinachotakiwa: majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, na saa waliyopimwa. Mwisho akazinyooshea kidole barakoa zao. "Zinapendeza sana. Ila ndani ya ndege wanataka zile za hospitali tu." Hilo ndilo lililomuuma Bi Tayari kuliko yote, akalimeza.

Ijumaa asubuhi Daktari alipowaona mlangoni alidhani wamekuja kuaga. Bi Tayari akamwekea pasipoti tatu mezani. "Kaka yangu, leo usituandike kwa mazoea. Tuandike kama watu usiowajua."

Daktari akafungua ya kwanza na kusoma jina kimoyomoyo, midomo ikitembea. Akainua macho, akalinganisha picha na mtu. "Hili ndilo jina lako, dada?"

"Tangu nizaliwe."

"Miaka kumi na minne unanishonea."

"Na wewe jina lako halisi silijui," alisema Bi Tayari. "Sote tuna makosa. Andika."

Aliandika huku kijasho kinamtoka, herufi moja moja, kitinda mimba akimkagua begani. Wakatiwa vijiti puani kwa mara ya pili ndani ya wiki moja. Mwalimu safari hii aliiacha historia, akafumba macho na kushika mkono wa mkewe.

Majibu yaliahidiwa Jumamosi saa nne. Saa nne ikafika, simu kimya. Saa tano ikapita. Masanduku yalikuwa mlangoni na Bi Tayari ameketi juu ya moja, roho juu, akimfikiria mtoto ambaye labda angeendelea kumwita bibi kwa kugusa kioo cha simu. Hakuwa mtu wa kuogopa, lakini siku ile aliogopa kweli, na alimwambia mume wake hivyo. Mwalimu akasogea akaketi naye juu ya sanduku hilo hilo.

Saa sita kasoro robo Daktari hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kwa miguu, anakaribia kukimbia, koti jeupe limefunguka, bahasha juu ya kichwa. "Umeme ulikatika," alisema akihema. "Wazima wote. Someni majina kabla sijaondoka."

Wakayasoma mara mbili. Yalikuwa sahihi mpaka nukta.

Dirishani alikuwa yule yule mwenye miwani ya ukungu. Alisoma kila herufi ya kila cheti, na Bi Tayari alisimama pale akitamka pamoja naye bila sauti. Muhuri ulipogonga mara ya tatu alijikuta analia. "Nenda kamwone mjukuu, mama," mhudumu alimwambia, na Bi Tayari akafuta macho na kulikamata sanduku lake.

Ndani ya ndege walivaa zile za hospitali, nyepesi, zenye mshono ambao Bi Tayari aliuchunguza njia nzima na kuulaani. Ya Mwalimu ilikuwa inateleza chini ya pua kila akisinzia, mhudumu wa ndege anapita anamgusa bega, naye anaipandisha na kusinzia tena. Kitinda mimba alihesabu mara kumi na moja.

Walitua Jumapili asubuhi. Kukaguliwa, fomu, foleni, fomu nyingine. Mlangoni palikuwa na maandishi kwamba barakoa haivuliwi mpaka mtu atoke nje kabisa, na Bi Tayari alipita pale akiwa ameishika ya kwake kwa kidole, ya Mwalimu ameiangalia kwa jicho kali.

Nje kulikuwa na jua la baridi. Binti mkubwa alisimama karibu na nguzo, amekonda kidogo, macho yamejaa maji juu ya barakoa. Alimshika mkono mtoto mwenye kofia ya sufu, mnene, mwenye miguu miwili ya kweli iliyokanyaga chini. Bi Tayari aliachia sanduku likaenda lilikoenda. Akapiga magoti kwenye saruji na kufungua mikono.

Mtoto akamtazama mgeni huyu mwenye uso nusu. Akaachia mkono wa mama yake, akapiga hatua nne, tano, akasimama mbele ya bibi. Halafu akaivuta kofia juu kwa mikono yote miwili, akatoa paji la uso mbele, akafumba macho na kusubiri.

"Anafanya nini?" aliuliza Bi Tayari.

Binti mkubwa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. "Anakupa upime joto, mama. Kwenye kituo cha watoto kila mwenye barakoa humpima kwanza ndipo amruhusu aingie. Anadhani ndivyo watu wanavyosalimiana."

Bi Tayari akageuka kuutazama mlango nyuma yake, akahakikisha yuko nje kabisa. Akavua barakoa. Akalishika lile paji la uso lenye joto, na akalibusu, busu refu la miezi ishirini.

Mtoto akafumbua macho. Akamtazama mdomo, akamtazama pua, akamtazama uso wote ulivyo mzima. Kisha akaishika kofia iliyokuwa imeshuka, akaivuta juu vizuri, akafumba macho tena.

"Tena," alisema.