Gogo ya Muasya

Ndila alimtwanga ndugu yake na figo ya ng'ombe. Ilimpata katikati ya macho, chwap, ikateleza polepole mpaka kwa kola ya shati lake jeupe la kanisa. Ilikuwa Jumapili saa tano asubuhi, Kamakis, pale Ruiru, imeanza kunukia moshi wa nyama, na wateja watatu waliokuwa kwa laini hawakujua kama wacheke ama wakimbie. Mwas, yule mchomaji, alibaki pale kwa jiko na nusu mbuzi mkononi, akaona leo kazi iko.

Na hiyo figo yote sababu ilikuwa gogo.

Kila bucha Kamakis ilikuwa na gogo yake ya kukatia nyama, lakini ile ya Muasya, baba yao, ilikuwa na sifa yake. Ilikuwa shina la mgunga, nene kama tairi ya trekta. Muasya aliikata mwenyewe shambani kwao Ngoliba, mashariki ya Thika, mwaka ule Ndila alizaliwa, akaileta Ruiru nyuma ya pikapu. Miaka ishirini na sita ya panga ilikuwa imechimba shimo hapo katikati, laini kama sahani, limelala kidogo upande wa kulia, kwa sababu ndiko Muasya alikuwa anaegemea akikata. Kila asubuhi, kabla ya mkato wa kwanza, alikuwa anapiga hodi: mgongo wa panga mara tatu kwa gogo, ko, ko, ko, ndio siku ipite bila mtu kukatwa. Jioni aliimwagia chumvi ya mawe na kuisugua na brashi ya waya. Wenye bucha wengine wakiona gogo zao zimechimbika waliita fundi wa msumeno wa pawa akate juu ilingane tena. Muasya alikataa katakata. Alikufa na presha miaka miwili imepita, na gogo ilikuwa haijawahi kuguswa na msumeno.

Ndila ndiye alichukua panga baada yake. Alitoka chuo pale Thika na diploma ya upishi, kila mtu akangoja aende hoteli ya watalii, yeye akafunga aproni ya babake, akaikunja mara mbili ndio isiburute chini. Asubuhi kabla ya wateja alikuwa anaweka kiganja ndani ya lile shimo, na lilimshika vile mkono unashikwa. Muasya alikuwa anamwita mwaitu, mama yangu, kwa sababu alibeba jina la mama yake Muasya. Tangu azikwe, hakuna mtu mwingine alimwita hivyo.

Sasa, siku tatu kabla ya figo, mtu wa afya alikuja akaingiza kisu kwa nyufa za gogo, akatoa kitu cheusi, akakinusa, akakunja uso. Akasema mwezi ukiisha aikute imetoka, ama bucha ifungwe. Kyalo, yule ndugu, hakungoja mwezi uishe. Alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda cha juisi Thika, na kwake kitu bila waya na swichi kilikuwa kama hakijazaliwa. Ijumaa aliwaletea msumeno wa umeme wa kukata mifupa, mrefu kama friji. Jumapili akaja kutoa gogo.

Alianza na maneno mazuri. Alisema Mzee ameenda, na mti unaoza hata ukiupenda. Ndila akamwambia akiigusa atajua vile mbuzi huwa anasikia. Kyalo akacheka, akaweka mikono miwili kwa gogo, akaiinamisha.

Hapo ndipo figo iliruka.

Kyalo hakujipanguza hata. Alimshika Ndila kwa aproni, akamgongesha kwa ukuta wa vigae mpaka maini yaliyoning'inia kwa ndoano yakacheza. Ndila akamuuma mkono, akasikia ladha ya damu na hakuachilia. Kyalo akamvuta nywele, za kusuka juzi tu. Mwas akaingilia kati na koleo ya jiko ikiwa bado moto, akapigwa teke la tumbo na mtu ambaye mpaka leo hajulikani ni nani kati ya hao wawili, akakaa chini. Kelele zilikoma wakati beseni nzima ya maji ya vitunguu iliwamwagikia kichwani.

Ni Syokau, mama yao. Alikuwa pale nyuma anaosha kachumbari.

Aliwaangalia watoto wake wakilia na vitunguu kama waliofiwa. Akaamua: gogo ikae mpaka Jumapili ijayo, Ndila aiage vile anataka, halafu itoke. Kwa hiyo wiki moja mtu asishike panga kama mwenzake ako karibu. Akafungua mdomo kama mtu ana lingine la kusema, akalimeza, akarudi kwa nyanya zake.

Wiki moja kwa Ndila haikuwa ya kuaga. Ilikuwa ya kupanga. Jumamosi, Kyalo akiwa Thika, alichukua kisu cha kuchunia, akainama nyuma ya msumeno, akakata waya. Plagi aliificha chini kabisa ya ndoo ya chumvi. Hesabu yake ilikuwa fupi: mashine ikikosa kufanya, mama atasema basi tuendelee na gogo, na mambo ya mtu wa afya tutaona mbele. Alisugua gogo jioni hiyo akiimba.

Jumapili ikafika na watu wa harusi. Mama mmoja wa kutoka Gatongora aliagiza miguu minne ya ng'ombe ikatwe ya supu, na alitaka saa hiyo hiyo, juu wageni walikuwa njiani. Kyalo akasugua mikono, leo mashine itaonekana. Akatafuta plagi. Akafuata waya na vidole mpaka akafika mwisho wake, akauinua machoni, akaona ile shaba imekatwa safi na kisu.

Alipita nyuma ya Ndila, ambaye alikuwa anapasua mbuzi kwa meza ya kando, akatoa panga ya Muasya kwa ndoano, akalaza mfupa wa mguu juu ya gogo. Mfupa ulikaa kama daraja, shimo chini yake. Ndila aliona kuwa hajapiga hodi. Aliona pia mfupa umekaa vibaya, kwamba hapo unaushikilia ukingoni na kukata kidogo kidogo, si kwa nguvu. Ulimi wake ulikuwa tayari. Lakini walikuwa hawajasalimiana tangu figo, na alisema moyoni, wacha ajue kwamba hii kazi si ya swichi.

Kyalo alikata na hasira yote ya ule waya. Pigo la kwanza, mfupa ukapasuka. La pili, ukavunjika vipande viwili na panga ikazama ndani ya shimo. La tatu, lilitoa cheche. Mwas aliapa baadaye kwamba aliona cheche, na hakuna mtu alimwamini, mti utatoa cheche aje. Kulikuwa na mlio wa chuma kwa chuma, panga ikaruka juu, ikajigeuza, ikashukia mkono wa kushoto.

Vidole viwili vilibaki kwa gogo. Kile kidogo na kile cha pete, na pete yake ya ndoa ikiwa bado mahali pake.

Kyalo aliviangalia kama mtu ameulizwa swali gumu. Halafu damu ikakumbuka kazi yake. Iliruka mpaka kwa kioo, ikamrukia mama wa harusi kwa gauni lake la manjano, ikajaza lile shimo la Muasya mpaka ikamwagika upande wa kulia. Mwas alifunga ule mkono na aproni, akaukaza na kamba ya kuningʼinizia mbuzi. Ndila ndiye aliokota vidole. Vilikuwa na joto. Alivitia kwa karatasi na barafu ya soda, akapanda bodaboda nyuma ya ndugu yake, amemkumbatia kiuno na mkono mmoja, na ule mwingine umeshika hiyo karatasi juu juu kama mtu amebeba mayai.

Daktari alisema mfupa umesagika, havirudi. Alimpatia Ndila pete.

Ndila alirudi Kamakis saa tisa, damu imemkauka mpaka kwa viwiko. Syokau alikuwa amefunga bucha na kukaa peke yake kwa kreti ya soda. Ndila alisimama mbele yake akasema yote: waya, plagi, ndoo ya chumvi, ulimi ulionyamaza. Mamake alisimama akampiga kofi moja, zito. Halafu akakaa tena, akamwambia akae.

"Unafikiria baba yako alikuwa anapenda hiyo gogo?" Syokau aliuliza.

Ndila alizungusha ile pete kiganjani.

"Alikuwa anaiogopa."

Akamweleza. Miaka kumi na tatu iliyopita, siku ya sikukuu, watu wamejaa, panga ya Muasya ilivunjika ncha. Kipande kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Alitafuta kwa meza, kwa sakafu, kwa mifupa, hakukiona. Siku hiyo alizunguka Kamakis mpaka Gatongora akiomba watu warudishe nyama, wengine wameshapika, wengine wanamtukana. Kipande hakikupatikana. Wiki tatu baadaye mzee Gachanja, aliyenunua mbavu siku hiyo, alikufa na tumbo. Watu wake walisema ni vidonda vya siku nyingi. Muasya alienda mazishi akakaa nyuma, na tangu siku hiyo hakuonja nyama tena. Watoto aliwaambia ni presha.

"Si angepasua gogo aangalie," Ndila akasema.

"Nilimwambia. Akasema ikiwa haijapasuliwa, anaweza kulala akisema kipande kiko ndani. Akipasua akikose, basi ameua mtu." Syokau alijipanguza mikono kwa leso ingawa ilikuwa mikavu. "Mimi pia nimenyamaza, mpaka leo nimeona vidole vya mtoto wangu."

Siku ya Jumatano, Kyalo alikuja na mkono umefungwa mkubwa kama ngumi ya bondia. Ndila alimpatia pete, kisha akamwambia juu ya waya, macho chini.

"Najua," Kyalo akasema. "Plagi haina miguu." Alijaribu kutia pete kwa kidole cha mkono wa kulia, na mkono mwingine haukuweza kumsaidia, kwa hivyo Ndila akamvalisha. "Na bado nitakupiga. Ngoja huu upone."

Syokau alimweleza Kyalo habari ya ile ncha, kisha wakatoa gogo nje, Mwas akiisukuma kama pipa, mpaka nyuma ya bucha. Ndila alichukua shoka. Kabla ya kuinua aliweka kiganja kwa shimo mara ya mwisho. Damu ilikuwa imeingia kwa nyufa na haikutoka hata na chumvi. Aligeuza shoka, akagonga na mgongo wake mara tatu. Ko. Ko. Ko.

Halafu akaipiga.

Mgunga wa miaka ishirini na sita umelishwa mafuta ya ng'ombe haupasuki kama kuni. Shoka lilizama likakataa kutoka. Alilivuta, akapiga, akalivuta. Alipiga akimtukana babake kwa Kikamba: kwa nini alinyamaza, kwa nini alimwita mwaitu akamwachia kitu kama hiki. Alipiga mpaka malengelenge yakapasuka na mpini ukateleza. Vipande viliruka vikampiga Mwas kwa mguu. Vilitoka na vipande vya mifupa ya zamani vimezama kama meno, na harufu ya nyama ya watu wote waliowahi kula Jumapili pale Kamakis. Mara moja Kyalo aliomba shoka, akaangalia mkono wake, akarudi nyuma.

Nusu ya kwanza ilianguka, haikuwa na kitu. Ndila aliikata vipande vinne, akapapasa kila kimoja, hakuna kitu. Syokau alikuwa amesimama mlangoni na leso mdomoni. Ndila akageukia nusu ya pili, ile ya upande wa kulia, na sasa alikuwa anaogopa kuinua shoka. Alielewa vile mtu anaweza kukaa miaka hivyo.

"Piga, mwaitu," Kyalo akamwambia.

Alipiga. Mti ulifunguka chini kabisa ya shimo, na pale ndani, katikati ya weusi, kulikuwa na kachuma kamelala wima, kadogo, keusi kama mbegu. Upande wa juu kalikuwa na alama moja mpya, inang'aa, pale panga ilikagonga Jumapili. Muasya alikuwa amekata juu yake kila siku, akikaribia, mpaka akafa na mti wa unene wa kidole umebaki.

Kyalo aliinama, akakatoa na mkono wake mmoja na nusu, akakageuza aone ile alama.

"Kumbe ni Mzee amenikata," akasema.

Mwas ndiye alicheka kwanza. Akafuata Kyalo, akishika bandeji kwa sababu cheko lilimuumiza. Ndila alikaa chini kwa maganda ya mti akacheka mpaka ikageuka kilio, na hakujisumbua kuitenganisha.

Syokau hakucheka. Alinyoosha mkono apewe, akakafunga kachuma kwa pembe ya leso, mafundo mawili. Alisema kesho asubuhi anaenda Ngoliba, anataka kukazika pale kichwani kwa kaburi la Muasya, na kwamba Ndila amkatie kilo mbili za mbavu za kubeba.

"Nani atakula mbavu Ngoliba?" Kyalo akauliza.

"Mimi," Syokau akasema. "Nitakaa hapo kando yake nikule na yeye aone."

Ndila aliingia ndani kukata mbavu. Alisimama mbele ya ile meza nyeupe ya plastiki iliyoletwa juzi, panga mkononi, akaipima na macho. Haikuwa na shimo. Nyama ililala popote. Aliigonga mara tatu hata hivyo, ikatoa sauti ndogo ya sahani, na akakata.