Kengele ya Stesheni, Sasa Imesafishwa

Hivi wewe, umewahi kununua kitu kimoja mara tatu, na kila ukifika nacho nyumbani ukakuta si chenyewe? Kama hujawahi, shukuru, kisha kaa vizuri usikie ya Mama Pindo na filamu yake.

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina alipewa na wateja, maana nguo aliyoishona yeye ingechakaa, ingepauka, ingegeuzwa tambara la kufutia meza, lakini pindo lake halifumuki. Na filamu aliyoipenda duniani ilikuwa moja tu, Kengele ya Stesheni, picha ya zamani ya nchi za watu, haina rangi, ila ukiitazama hukumbuki kama haina.

Aliiona akiwa msichana, katika ukumbi wa mabenchi marefu yasiyo na egemeo. Zama hizo picha za kigeni zilikuwa na mkalimani. Anakaa kando ya pazia na kipaza sauti chake, watu wa kwenye picha wanasema kwa lugha yao, naye anawageuza hapo hapo: huyu kasema hivi, yule kajibu vile. Mkalimani wa ukumbi ule alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Wakamwita Kipaza.

Sasa, kisa cha filamu kilikuwa hivi. Mwanamke mwenye sanduku anafika stesheni ndogo, treni imeharibika mbele huko, inabidi angoje. Bwana stesheni anampa kiti, anampa blanketi. Wanazoeana. Mwishoni treni inakuja, mwanamke anapanda, na bwana stesheni anasimama chini ya dirisha lake. Hapo ndipo Kipaza aliposhusha sauti, ukumbi mzima ukaacha kutafuna: "Treni zipo kila siku, mama. Wa kukungoja kila siku, zaidi yangu, nani?" Kengele ikalia, moshi ukajaa pazia zima, picha ikaisha. Na kila mtu akajua kwamba ndani ya ule moshi, mwanamke ameshuka.

Jioni hiyo Mama Pindo alikuwa na sanduku lake mwenyewe, limeshafungwa, liko nyumbani nyuma ya mlango. Kesho yake alikuwa anakwenda mji wa mbali. Kiwanda cha sare kilikuwa kimemwita. Alitoka ukumbini, akafika nyumbani, akalifungua sanduku, akazirudisha nguo kabatini moja moja. Mama yake akamuuliza, "Umepatwa na nini?" Akajibu, "Sijui, mama. Nimeona picha."

Haukupita muda, shangazi yake Kipaza akaja kumposea mpwa wake. Aliyesema yote ni shangazi, aliyecheka ni shangazi, na bwana harusi mwenyewe alitazama viatu vyake tu. Ukumbi ulipofungwa akawa fundi saa, kazi ya kimya, na yale maneno matamu yakafungwa pamoja na ukumbi. Nyumbani aliongea kama mtu anayelipia kila neno: "Maji yapo?" "Nimerudi." Hakuwa mbaya, hata kidogo. Hakumnyima mkewe kitu, ila maneno.

"Wewe, wifi," dada yake Kipaza alikuwa akimtania kila akipata nafasi, "umeolewa na shangazi yetu. Kaka yangu alisindikiza tu."

Mama Pindo alicheka kila mara, na kila mara utani ukamchoma. Maana ni kweli, hakujua. Wajukuu wameshaota ndevu na bado hajui kama yule mwanamume alimtaka au alitumwa. Maneno matamu aliyowahi kuyasikia kutoka kinywa kile yalikuwa ya bwana stesheni. Siku moja akamwomba ayarudie. "Picha iko wapi?" akasema Kipaza. "Niongee na ukuta?"

Basi Mama Pindo akaanza kuitafuta picha.

Ya kwanza ilikuja kwenye kanda ya video. Kanda fupi, filamu ndefu: treni ikasikika inakuja kwa mbali, mluzi tu, na kanda ikakatika hapo hapo. Ya pili ilikuja kwenye diski. Walioitoa hiyo wakaamua ijae kwenye televisheni hizi pana, wakakata juu na chini, bwana stesheni akazunguka stesheni yake nzima bila kichwa. Na pale mwisho, palipokuwa na maneno, wakamwaga muziki wao mpya, magitaa na ngoma, mdomo unacheza husikii kitu. Mama Pindo alilia siku ile. Rafiki wa mumewe, mstaafu wa posta ambaye watu walimwita posta tu, na ambaye alikuwa anaijua filamu kwa moyo kutoka kengele hadi kengele, hakulia. Aliivunja diski yake gotini kama kuni.

Kwa hiyo mjukuu wa kike, anayefanya kazi kwenye duka la vifaa vya umeme, alipoingia mbio na pochi ikimpiga mbavuni, hakupata hata nafasi ya kusalimia.

"Bibi! Imetoka, nimeinunua! Imesafishwa yote! Hawajakata, hawajapunguza, na chini imeandikwa Kiswahili!"

Mguu wa Mama Pindo ukaganda kwenye kanyagio. "Vichwa vipo?"

"Vichwa vipo, bibi!"

"Na muziki wao?"

"Hakuna muziki wao!"

Cherehani ikaachwa na mkono wa gauni la mtu umening'inia kwenye sindano. Wifi akaitwa, posta akaitwa. Posta alikuja na kitambaa cha kufutia miwani na mto wake wa kukalia, kama mtu aliyejiandaa kwa safari. Viti vikapangwa mbele ya televisheni, mapazia yakafungwa ingawa ilikuwa mchana kweupe. Kipaza alikuwa kwenye meza yake dirishani, amejibana kioo cha kukuzia jichoni.

"Baba, njoo," Mama Pindo akamwita.

"Nina saa ya mtu hapa."

"Saa ya mtu imesimama tangu mwezi jana, haitakimbia leo," wifi akasema. "Kaka, njoo uone ulichokuwa unatafsiri."

"Mume wangu," mjukuu akamshika mkono, akimtania kama alivyozoea, "usiponikalia karibu naenda kuolewa na posta."

Kipaza akavutwa mpaka kwenye kiti cha mwisho, karibu na mlango. Mama Pindo aliliona hilo la mlango, akalipuuza. Moyo wake ulikuwa umeshatangulia stesheni.

Na jamani, ile picha! Walikuwa wameizoea yenye michirizi, kama mvua inanyesha hata ndani ya nyumba. Sasa ilikuwa safi. Mama Pindo akauona mshono wa koti la bwana stesheni. "Ametiwa kiraka kwenye kiwiko!" akapiga kelele. "Tazama, kiraka cha mkono, mishono ya haraka haraka! Miaka yote sikukiona!"

"Na huyo paka alikuwepo?" wifi akauliza.

"Alikuwepo," posta akaapa, ingawa alikuwa anamwona leo kwa mara ya kwanza.

Maandishi yalikuwa yanapita mbio, kwa hiyo mjukuu akawa anayasoma kwa sauti. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda upande. Mwanamke alipomwaga uji wa moto juu ya buti za bwana stesheni, mjukuu akasoma: "Samahani, bwana."

"Siyo!" posta akaruka. "Anasema, 'Buti hizi zilikuwa na njaa kuliko wewe!' Watu walikuwa wanaanguka kwenye mabenchi pale!"

"Imeandikwa samahani, babu posta."

"Basi wamekosea kuandika."

Wakasonga mbele. Yule mzee mnene ambaye siku zote alikuwa mjomba wa mwanamke akageuka kuwa mkaguzi wa reli, hana undugu na mtu. Wifi akafoka, "Wamempa ukaguzi lini?" Mama Pindo akaguna tu. Alisamehe uji, akamsamehe na mjomba. Walete treni tu.

Treni ikaja, nzima, haikukatika. Mwanamke akapanda na sanduku lake. Bwana stesheni, na kichwa chake, akasimama chini ya dirisha. Mama Pindo akashika mkono wa kiti. Mdomo ukafunguka pale kwenye kioo, naye mjukuu akasoma:

"Safari njema, bibie. Funga dirisha, kuna baridi."

Kengele ikalia. Moshi ukaja, lakini na moshi nao walikuwa wameusafisha, ukawa mwepesi kama shela. Na nyuma yake kila mtu akamwona mwanamke yuko dirishani, amekaa, anapunga mkono, anakwenda. Anakwenda kabisa.

Nyumba ikalipuka.

"Wamempandisha tena!" wifi akasimama. "Ameshashuka huyu, tangu tukiwa wasichana ameshashuka!"

"Rudisha dukani! Rudisha sasa hivi!" Posta alikuwa ameshika mto wake kama ngao. "Wamesafisha mpaka wamefuta maneno! 'Funga dirisha'? Mwanamume mzima anampoteza mwanamke anamwambia funga dirisha?"

"Labda walipata nakala mbovu..." mjukuu akaanza.

"Nakala mbovu ndiyo ilikuwa nzuri!" posta akamkatiza.

Mjukuu akarudisha nyuma kidogo, akasikiliza kwa makini, akarudisha tena. Lugha ile alifundishwa shule. "Bibi," akasema taratibu, "hawajafuta. Mwenyewe kwa mdomo wake anasema hivyo. Safari njema, funga dirisha. Hasemi kingine."

Posta akakaa. Wifi akakaa. Kisha, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kuelekea kiti cha karibu na mlango.

Kipaza alikuwa amekivua kioo chake cha kukuzia, anakizungusha vidoleni.

"Ee, kaka," wifi akasema, na kicheko kilikuwa kinamtoka puani, "na mjomba naye?"

"Alifanana na mjomba," Kipaza akasema.

"Na buti?"

"Lugha yenyewe nilikuwa naijua nusu. Nusu nyingine watu wameshakaa, wanangoja. Ningewaambia nini?"

Posta akaanza kucheka, cheko la kwikwi, machozi mpaka kwenye masharubu. "Maisha yangu yote namsifu yule mtunzi wa ng'ambo! Kumbe mtunzi nakula naye sahani moja!"

Wote wakacheka, isipokuwa Mama Pindo. Yeye damu ilikuwa inamwenda mbio masikioni, kama msichana. Kama bwana stesheni hakuyasema yale maneno, basi aliyasema mtu. Yalisemwa kwa kipaza sauti, mbele ya mabenchi yaliyojaa, jioni ile, na yeye alikuwa amekaa benchi la ukutani, na mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba binti fundi anaondoka asubuhi.

"Wifi, nyamaza," akasema. "Posta, nyamaza na wewe."

Akainuka, akakibeba kiti chake mwenyewe, akakiweka mbele ya mumewe, magoti kwa magoti.

"Uji nimekusamehe. Mjomba nimekusamehe. Lile la treni hukukosa neno, maana 'safari njema' hata mtoto anaijua. Ulijua nimekaa wapi?"

"Nilijua."

"Shangazi alikutuma au ulimtuma?"

Kipaza akatazama viatu vyake. Akatazama televisheni. Mjukuu akanyoosha kidole, akaizima.

"Nilimtuma," akasema. Kisha akakohoa, na ikatoka ile sauti, ya chini, ya ukumbini, sauti ambayo mjukuu hakuwahi kuisikia. "Nilikwenda kwake usiku ule ule nikamwambia, shangazi, mimi kusema nasema ya wengine, yangu siyawezi. Nilikutaka wewe, mama. Si uniwekee nyumba, si unizalie. Nilitaka niwe nakuona kila siku tu."