Bakuli la Mpopi la Bronka

Haya alinisimulia Bronka, jirani yangu, juzi tu, Krismasi ikiwa imepita, tukimenya viazi jikoni kwake. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Mjukuu wake, Seweryn, alishikwa na unga angali na chunusi usoni. Alijidunga mpaka akauza pasi ya bibi yake, akauza na keekee ya kutobolea mbao ya mzee Zenek, kaka yake Bronka. Wala si yeye peke yake. Katika vijana aliosoma nao hapa kijijini, tumeshazika kadhaa, na mmoja bado tunamwona kituo cha basi akisinzia kasimama. Seweryn yuko kwenye nyumba ya kupona, ng'ambo ya mji wa Lublin. Mwaka huu wakamruhusu aje kula mkesha wa Krismasi nyumbani. Ila akirudi, anakojoa kikombeni wanapima. Mkojo ukionyesha kitu, kitanda anapewa mwingine, na wanaokisubiri ni wengi.

Basi akaingia, mashavu yamejaa, theluji mabegani. Bronka alikuwa anasaga kwenye bakuli mbegu za mpopi, zile nyeusi ndogo ndogo, za kutia kwenye keki. Akamsogezea mchi mdomoni kama zamani.

"Lamba, mwanangu."

Seweryn akafumba mdomo, akageuza uso.

"Hee! Unaukataa mkono wangu?"

"Bibi, siwezi. Unga unatoka kwenye mpopi huohuo. Nikila hizo mbegu, kikombe kitasema nimejidunga."

"Keki yangu mimi?"

Zenek akaangua kicheko kutoka kwenye benchi la kando ya jiko. "Dada, kumbe miaka yote unatulewesha! Ndiyo maana padre akija hapa haondoki."

Sasa, mezani kwetu siku ile huruki chakula. Kila sahani unaionja, la sivyo mwaka mzima mikosi inakuandama. Na mkesha bila keki si mkesha. Bronka akawamwagia kuku mbegu zote.

"Usiku wa leo ndio wanyama huongea kama watu," Zenek akamwonya. "Hao kuku watatutukana!"

Wakavunja lozi, wakazisaga mbiombio, keki ikaiva nyota ya kwanza, ile inayotuita mezani, imeshatoka. Wakala, wakaimba. Seweryn aliimba kwa ile sauti nene ya marehemu babu yake, Bronka akawa anaitikia huku anajifuta machozi kwa aproni.

Akiosha vyombo ndipo alipoona. Lozi alizisagia kwenye bakuli lilelile! Bakuli la udongo, ndani lina mifereji, na kila mfereji mweusi kwa mbegu za mpopi. Na keki imeshaliwa yote. Angemwambia nini kijana, na furaha ile? Akalisugua bakuli, akalirudisha kabatini. Usiku hakupata usingizi, na uliofuata vilevile. Seweryn alipoondoka, Bronka alimkumbatia mpaka akamkwaruza kwa kifungo, kisha akakaa kando ya simu kama anayetamia mayai.

Jioni simu ikalia.

"Bibi! Safi!"

"Safi nini?"

"Kikombe! Kitanda changu kipo."

"Na bakuli je? Si ulikula keki, mwanangu?"

"Sikuigusa. Niliona vidoa vyeusi, nikamkanyaga Babu Zenek mguu. Akala yake na yangu."

Bronka akamgeukia kaka yake kwenye benchi. "Na mikosi je?"

"Nimeibeba mimi," Zenek akasema. "Yangu nimeshaizoea, ya kijana haitanizidi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeoka upya, keki tungeila Pasaka!"

Kule kwenye simu Seweryn alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Bibi, mwambie Babu keekee yake nitamnunulia."

"Nimesikia!" Zenek akapiga kelele. "Na iwe nyekundu!"

Muda si muda mzee akawa anakoroma palepale kwenye benchi. Bronka akaketi pembeni yake, eti avue viatu tu aende kuwafungia kuku. Kimoja alikivua. Cha pili alikutwa nacho asubuhi, mguuni; usingizi wa siku zile zote ulimchukua akiwa ameshika kamba.